Maradhi ya Taya na Mahali pa Kutibiwa kwa Wakazi wa Mashariki ya Nairobi

Watu wengi wakisikia habari za daktari wa meno hufikiri jambo moja tu, nalo ni kung'oa. Fikira hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi mtu wa Pumwani au wa Shauri Moyo aliyekwenda katika chumba cha meno cha Serikali alikwenda kwa sababu jino lilikuwa limemshinda, na aghalabu alirudi nyumbani bila jino hilo. Lakini daktari wa meno si mtu wa meno peke yake. Kazi yake ni kinywa chote, pamoja na ufizi, ulimi, na taya lenyewe lishikalo meno. Na maradhi ya taya yakicheleweshwa huwa mabaya kuliko jino lolote lililooza. Kwa hiyo yafaa wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho mpaka Umoja, Kayole na Dandora, wajue ni maradhi gani ya taya yanayotibika katika hospitali za umma, na njia ya kuyafikia matibabu hayo.

Taya la chini ni mfupa mmoja uliopindika kama upinde. Ncha zake mbili hupanda juu mpaka mbele ya masikio, na kila ncha huingia katika kishimo kidogo kilicho katika mfupa wa kichwa. Kati ya ncha na kishimo pana kipande chembamba cha gegedu, ambacho huzuia mfupa usisagane na mfupa. Mtu akiweka vidole vyake mbele ya masikio, kisha akafungua na kufunga kinywa, atasikia ncha hizo zikitembea chini ya ngozi. Kiungo hiki hakifanani na kiungo cha goti, ambacho hujikunja tu. Kinywa kinapofunguliwa sana ncha za taya huteleza mbele pia. Ndiyo sababu mtu aweza kuuma embe zima, na ndiyo sababu vile vile kiungo hiki chaweza kutoka mahali pake.

TAYA LILILOTEGUKA

Hutokea hivi. Mtu amekaa nyumbani, amepiga miayo mikubwa, au amecheka sana, au ametapika, au ametoka kung'olewa jino la nyuma, na ghafula kinywa chake kinakataa kufungwa. Taya limeteleza mbele likapita kizuizi chake, na misuli imekaza ikilishika huko huko. Mgonjwa hawezi kusema maneno yakaeleweka, mate humtoka, na maumivu humzidi kwa kuwa misuli huendelea kukaza. Wanaomtazama huogopa. Wako wanaosema amerogwa au ameingiwa na pepo, na siku mbili tatu zikapita katika kumtafutia dawa za namna hiyo.

Siku hizo mbili tatu ndizo zenye hasara. Taya lililoteguka saa chache zilizopita hurudishwa kwa mikono, bila kisu. Namna ya kulirudisha ni ya zamani sana: Hippocrates, tabibu wa Wayunani, aliieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hata leo madaktari huifuata kwa kiasi kikubwa. Daktari husimama mbele ya mgonjwa, hufunga dole gumba zake kwa kitambaa ili zisiumwe, huziweka juu ya meno ya nyuma ya chini, kisha husukuma taya chini na kulirudisha nyuma. Likiingia mahali pake husikika mlio, na mgonjwa hufunga kinywa papo hapo. Mara nyingine hupewa kwanza dawa ya kulegeza misuli. Lakini taya likiachwa hivyo kwa majuma kadhaa, misuli hufupika na makovu hujaa katika kishimo, na hapo mikono peke yake haifai tena. Hapana budi apasuliwe.

Mtu asiyefundishwa asijaribu kazi hii, wala asimpige mgonjwa kofi akidhani taya litarudi kwa mshtuko. Mfupa waweza kuvunjika. Aliyerudishiwa taya lake hufungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini kwa muda, hula vyakula laini, na akisikia miayo inakuja huweka ngumi chini ya kidevu. Yule ambaye taya lake hutoka mara kwa mara asiridhike na kurudishiwa tu. Aombe apelekwe kwa daktari bingwa, maana iko dawa ya hali hiyo pia.

TAYA LILILOVUNJIKA

Jambo hili ni la kusikitisha zaidi, kwa kuwa mara nyingi mkono wa binadamu ndio uliolileta. Katika mwaka wa 1990 madaktari Mwaniki na Guthua walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliovunjika taya la chini mjini Nairobi, na ilionekana kwamba walio wengi walikuwa wamevunjwa katika ugomvi na mapigano, wala si katika ajali za barabarani. Wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake. Tangu siku hizo pikipiki za abiria zimejaa katika kila njia ya Kayole na Dandora, na abiria asiyevaa kofia ya chuma akianguka kidevu ndicho kinachotangulia barabarani. Hata kofia iliyo wazi mbele hailindi kidevu.

Dalili za kuvunjika zafaa kujulikana, kwa sababu uso uliovimba waweza kudhaniwa umechubuka tu. Dalili iliyo kubwa ni hii: meno hayakutani tena kama yalivyokuwa yakikutana. Mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kulijua jambo hilo, na akiulizwa atasema. Nyingine ni mdomo wa chini kufa ganzi, maana mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa wa taya; damu kutoka katika ufizi kati ya meno mawili; na meno kadhaa kucheza pamoja kama kipande kimoja. Ikiwa moja katika dalili hizi imeonekana, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Wanaomsaidia wamketishe ameinamia mbele, ili damu na mate vitoke nje visimzibe koo. Asilazwe chali. Ikiwa jino la ukubwani limeng'oka zima, liokotwe kwa kushikwa sehemu yake nyeupe, si mzizi, litiwe katika maziwa, na lipelekwe pamoja na mwenyewe. Likifika upesi, hasa kabla ya saa moja kupita, daktari aweza kulirudisha mahali pake likashika. Jambo hili wazazi wachache hulijua, na meno mengi ya watoto wa shule hutupwa bure uwanjani.

Hospitalini hupigwa picha ya eksirei. Kuvunjika kwingine hutibiwa kwa kufunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyaya nyembamba, ili taya litulie likiunga, kama vile mguu uliovunjika unavyotulizwa kwa plasta. Kwingine huhitaji upasuaji, na mfupa hushikwa kwa vibao vidogo vya madini na skurubu. Wadudu wa maradhi wamo kinywani siku zote, na mfupa uliovunjika palipo na meno huwa wazi kwao. Anayekaa nyumbani juma zima akingoja uvimbe upungue, akija huja na usaha, na kazi ya daktari huwa mara mbili. Tena mfupa waweza kuunga upande, mtu akabaki asiyeweza kutafuna vema maisha yake yote.

MAUMIVU YASIYO YA JINO

Wako wagonjwa ambao hawakupigwa wala hawakuanguka, lakini taya huwauma mbele ya sikio, hasa asubuhi au wanapotafuna. Kiungo hulia kila wanapofungua kinywa. Wengine huumwa na kichwa pembeni, wengine hudhani sikio lina ugonjwa. Mara nyingi misuli ya kutafunia imechoka kupita kiasi. Mtu husaga meno usiku bila kujijua, na mwenzake wa chumbani humsikia; au ana mashaka ya kazi na ya kodi ya nyumba, naye huuma meno mchana kutwa. Eastleigh na kwingineko, wale wakaao na miraa kwa saa nyingi huipa misuli hiyo kazi ambayo haikuumbiwa.

Hapa pana hatari moja ya kuangaliwa. Maumivu ya taya huweza kusikika kama maumivu ya jino, na mgonjwa aliyechoka na usiku wa kutolala humsihi mhudumu amng'oe jino lolote lile. Jino zima likang'olewa, maumivu yakabaki, na juma lijalo akarudi kutaka jingine ling'olewe. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Je, jino hili limeoza? Tatizo ni jino au ni taya?" Swali hilo si utovu wa adabu. Walio wengi katika wagonjwa wa namna hii hawahitaji kisu wala koleo: hupona kwa kupumzisha taya, kula vyakula laini kwa muda, kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kunywa dawa ya maumivu kama daktari alivyoamuru. Wanaosaga meno hutengenezewa kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku. Kulia kwa kiungo peke yake, bila maumivu na bila kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa.

Kinywa kisichofunguka ni jambo jingine. Huenda ni jino la mwisho lililoota vibaya na kufanya usaha. Lakini mtu aliyechomwa na msumari au kukatwa na bati juma lililopita, akaanza kukaza taya na shingo, asiambiwe angoje: huenda ni pepopunda, nayo huua. Chanjo yake hutolewa bure kwa watoto, na kwa wanawake wenye mimba, katika zahanati. Tena wako watoto ambao kinywa chao hufunguka kidogo kidogo kila mwaka mpaka kijiko hakipiti, na kidevu chao hakikui. Aghalabu mtoto huyo alianguka kwa kidevu akiwa mdogo, au sikio lilimtoka usaha kwa muda mrefu, na kiungo kimeganda mfupa kwa mfupa. Upasuaji waweza kumfungua, na haifai mzazi aambiwe kwamba mtoto ndivyo alivyozaliwa.

UVIMBE WA TAYA

Uvimbe ulio na joto na maumivu chini ya taya hutoka mara nyingi katika jino lililooza. Ukienea mpaka chini ya ulimi, mgonjwa akashindwa kumeza na sauti yake ikabadilika, huyo si mgonjwa wa kesho. Njia yake ya pumzi yaweza kuzibika usiku huo huo.

Uko uvimbe mwingine usiouma kabisa, na kwa sababu hauumi watu huuacha. Ule uitwao ameloblastoma hukua polepole ndani ya mfupa wa taya, hasa kwa vijana na watu wa makamo, na mwenyewe aweza kukaa nao miaka mingi mpaka uso umegeuka. Si saratani kwa kawaida, lakini hula mfupa. Ukigunduliwa mapema hukatwa kipande kidogo; ukichelewa hukatwa nusu ya taya.

Kwa watoto iko saratani ambayo habari yake ilitoka hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika mwaka wa 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, la juu na la chini, pande zote mbili. Baadaye akaona mtoto mwingine wa namna hiyo, akaanza kuandika kila habari aliyoipata, na mwaka 1958 akaitangaza kwa madaktari wa ulimwengu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu kama maili 10,000, kutoka Uganda mpaka kusini ya Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wameonekana. Wakaona kwamba ugonjwa huu hukaa katika nchi za joto na mvua nyingi, kule kwenye malaria. Nairobi kwenyewe kuna baridi, lakini jamaa wengi wa Makongeni na Kaloleni wana nyumbani kwao kando ya Ziwa, na watoto huja na kurudi. Uvimbe huu hukua upesi mno, hata ukaongezeka maradufu kwa siku chache, na meno ya mtoto hulegea. Dawa yake si kisu bali ni dawa zitiwazo mshipani, na katika hospitali ya Kenyatta Dk. Peter Clifford alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia, katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mtoto aliyeletwa mapema ana tumaini kubwa la kupona kabisa.

NJIA YA KUFIKIA MATIBABU

Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za mitaa ziko chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi, na hospitali kuu za rufaa ziko chini ya Serikali ya Taifa. Zahanati ndogo haina daktari wa meno. Itampa mgonjwa dawa ya maumivu na barua. Katika vituo vikubwa vya afya na hospitali za kaunti ndogo hupatikana afisa wa afya ya kinywa, aliyefundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, au daktari wa meno mwenyewe. Afisa huyo aweza kung'oa, kuziba na kusafisha meno, na kutambua kwamba ugonjwa umemzidi. Kupasua taya si kazi yake, na akisema hivyo hamkatai mgonjwa; anamwelekeza.

Hospitali kubwa ya umma iliyo karibu na Umoja, Komarock na Kayole ni Mama Lucy Kibaki, kando ya barabara ya Kangundo, iliyojengwa kwa msaada wa China na kupewa jina la mke wa Rais wa tatu. Kazi nzito za taya hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikaitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina ililo nalo sasa. Iko tena hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, ambako madaktari wa meno wa Kenya wamekuwa wakifundishwa tangu 1974. Wanafunzi hutibu humo chini ya macho ya walimu wao, na mtu asione haya kutibiwa na mwanafunzi: huchukua muda mrefu zaidi, lakini kila hatua hukaguliwa.

Taabu iliyopo isifichwe. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na mataya ni wachache, na wagonjwa huwajia kutoka nchi nzima. Asiye wa dharura huandikiwa siku ya mbele, na mkazi wa Dandora hulipa nauli ya kwenda mjini na nauli nyingine ya kwenda Kenyatta kila aitwapo, akapoteza na kibarua cha siku hiyo. Wengi hukatia hapo. Anayeweza kuvumilia asikose siku aliyoandikiwa, kwa kuwa akiikosa huanza foleni upya. Kwa upande wa wakubwa wa kaunti, kuleta daktari bingwa kliniki ya mashariki hata siku chache kwa mwezi kungewaondolea watu wengi safari hizo.

Juu ya gharama: tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imeshika mahali pa NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hupimiwa uwezo wake, na kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo hutakiwa kulipwa za mwaka mzima pamoja, yaani shilingi 3,600. Kwa wasioweza kuzitoa zote mara moja uliwekwa mpango wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Aliyejiandikisha lakini hajalipa atajikuta hospitalini analipa mwenyewe kazi ya kulazwa na kupasuliwa, na taya halingoji mpaka mwisho wa mwezi. Ni vema mgonjwa aulize kwenye dirisha la malipo, kabla ya kutibiwa, ni sehemu gani italipwa na bima na ni ipi atakayotoa mfukoni.

Lakini katika dharura fedha si kizuizi cha kwanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaweka adhabu kwa hospitali itakayokataa. Mtu anayetokwa damu, asiyeweza kumeza, au ambaye kinywa chake hakifungiki apokewe kwanza; mambo ya malipo hufuata. Hata barua ya rufaa haitakiwi kwake. Wengine wote waende na kitambulisho, barua ya kituo kilichowatuma, na picha ya eksirei kama ilikwisha kupigwa, maana kupigwa nyingine ni gharama na foleni ya pili.

Aliyefungwa nyaya kinywani huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache, naye huzikaa nazo kwa muda wa majuma manne hadi sita. Jamaa zake wajue kwamba hawezi kutafuna: hula uji, maziwa, mtori uliochujwa na supu, kwa mrija, mara nyingi kwa siku, la sivyo hukonda. Asinywe pombe, kwa sababu akitapika kinywa kikiwa kimefungwa aweza kukabwa. Asafishe kinywa kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Nyaya zikianza kumchoma shavu asizikate mwenyewe wala asimpe fundi wa mtaani, bali arudi kliniki. Siku ya kufunguliwa huandikwa katika kadi. Baada ya siku hiyo taya huwa gumu kwa muda, na hufundishwa kulizoeza kidogo kidogo, akipima kila asubuhi ni vidole vingapi vinaingia kati ya meno yake, mpaka viingie vitatu.